Menyu ya Kiethiopia kwa Mlaji Aliyezoea Ugali na Samaki

Mlaji wa Kisumu akiingia hoteli ya Kiethiopia mara ya kwanza, shida yake huanza kwenye karatasi kabla ya chakula. Menyu imejaa majina yanayofanana: hapa wot, pale wot, chini yake tibs za aina tano, kisha safu nzima ya vyakula vinavyoitwa vya mfungo. Ugali hakuna. Chapati hakuna. Mwisho mtu huelekeza kidole popote, akaletewa sinia lenye mkate mpana wa rangi ya kijivu, uliojaa vitobo, na vijilima vya mboga juu yake. Anaonja, anakunja uso, na kesho yake anawaambia wenzake kwamba chakula cha Waethiopia ni uchachu na pilipili tupu.

Lawama hiyo naielewa, ila naona haitendi haki. Menyu ile ina mpangilio, na mpangilio wenyewe ukiujua huhitaji kukariri jina hata moja. Jiulize mambo matatu tu. Chakula hiki ni cha mfungo au cha siku ya kawaida? Kina berbere, ule unga mwekundu wa pilipili na viungo, au hakina? Ni cha mchuzi au cha kukaanga? Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine, na ndilo wahudumu hawalielezi, maana wao wamekua nalo.

Kanisa la Orthodox la Tewahedo ndilo dhehebu kubwa kuliko yote nchini Ethiopia, na mifungo yake ni mizito. Kwaresima yao ni siku 55. Kabla ya Krismasi yao, inayoangukia tarehe 7 Januari, wanafunga tena siku arobaini na kitu. Agosti kuna mfungo wa Bikira Maria wa takriban wiki mbili. Ongeza kila Jumatano na kila Ijumaa ya mwaka, isipokuwa zile siku 50 zinazofuata Pasaka. Muumini wa kawaida hufikisha siku 180 hivi kwa mwaka. Makasisi na watawa hukaribia 250. Na kufunga kwenyewe ni kuacha nyama, maziwa, siagi, samli na mayai, pamoja na kukaa bila kula chochote mpaka adhuhuri au saa tisa. Saa tisa yao ni saa tisa yetu, kwa sababu nao wanahesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza. Hilo peke yake lingetosha kutufanya majirani.

Sasa angalia matokeo yake jikoni. Mpishi anayelazimika kulisha familia nusu ya mwaka bila nyama wala siagi hana budi kuwa fundi wa kamande. Karne kwa karne upishi wa mboga na nafaka za jamii ya maharagwe ulinolewa mpaka ukawa na ladha ya kusimama peke yake, hautegemei kipande cha nyama kuupa uhai. Ndiyo maana sinia la mfungo, linaloandikwa *yetsom beyaynetu*, ndilo chakula bora kwenye menyu nyingi, na aghalabu ni miongoni mwa vya bei nafuu. Humo utakuta *misir wot*, yaani kamande nyekundu zilizopikwa na pilipili mpaka zikapondeka, *kik alicha*, minji mikavu iliyopasuliwa, ya manjano na isiyo kali, kabeji na karoti na viazi vilivyopikwa pamoja, *shiro*, pengine viazisukari vyekundu vile tunavyoviita bitiruti, na *gomen*.

Kwenye *gomen* mtu wa huku magharibi ana haki ya kutabasamu. Hotelini nchini Kenya mara nyingi ni sukuma wiki ya kawaida, imekatwakatwa na kupikwa kwa kitunguu saumu na tangawizi bila nyanya. Lakini *gomen* ya kienyeji ya nyanda za juu za Ethiopia ni mmea uitwao kitaalamu *Brassica carinata*, na huo ni kanzira, kandhira ya Wajaluo, ile ile inayouzwa kwa mafungu pale soko la Kibuye kando ya mboga za osuga na mrenda. Umekuwa ukila chakula cha Kiethiopia tangu utoto wako na hukujua.

Sinia hilo lina wateja wa kuzaliwa huku kwetu. Nyanza na Kisii kuna Wasabato wengi, na kati yao wako wasiogusa nyama kabisa. Msabato wa namna hiyo kwenye hoteli nyingi za mjini huishia na chapati na maharagwe. Hapa ana ukurasa mzima. Na yule anayekula nyama ila hali nguruwe hana la kuuliza, kwa kuwa Waorthodox wa Ethiopia na Waislamu wa Ethiopia wote hawali nguruwe, kwa hiyo hutamkuta kwenye menyu. Jambo moja tu la kuangalia: *shiro* na mboga nyingine zinazoonekana hazina mnyama ndani huweza kutiwa samli siku isiyo ya mfungo. Anayekwepa maziwa kwa sababu yoyote amwambie mhudumu anataka *yetsom*, yaani cha mfungo. Neno hilo jikoni lina nguvu kuliko maelezo marefu.

Baada ya mfungo, sufuria. Sisi tukipika mchuzi tunatanguliza mafuta, vitunguu vinalainika kidogo, nyanya zinafuata, na nyanya ndizo zinazoleta mchuzi. Mpishi wa *wot*, ule mchuzi mzito wa Kiethiopia, anatanguliza vitunguu vyekundu vilivyokatwa vidogo sana, vingi kuliko unavyodhani vinafaa, kwenye sufuria kavu isiyo na tone la mafuta. Anavikoroga kwa moto mdogo mpaka vitoe maji yake, vinyauke, viwe uji. Hapo ndipo mafuta au samli huingia, kisha berbere, ambayo nayo hupikwa kwa muda ili ule ukali wa pilipili mbichi utoke. Maji yanaongezwa kidogo kidogo. Uzito wote wa mchuzi ule unatoka kwenye vitunguu. Haukutiwa unga, na kwa kawaida nyanya hazihusiki. Kama umewahi kujiuliza kwa nini mchuzi unakaa juu ya mkate bila kutiririka pembeni, jibu ndilo hilo.

Berbere yenyewe ni pilipili nyekundu zilizokaushwa na kusagwa pamoja na viungo kibao: tangawizi, kitunguu saumu, uwatu, habasoda, na iliki kubwa ya Kiethiopia iitwayo *korarima*, na kila nyumba ina vipimo vyake. Samli nayo si samli tupu. Siagi huyeyushwa taratibu na viungo na majani yenye harufu, kisha huchujwa. Inaitwa *niter kibbeh*. Ukiingia hotelini ukanusa kitu kitamu usichoweza kukitaja jina, uwezekano mkubwa ni hicho.

Kwa hiyo rangi inatosha kukuongoza. Mchuzi mwekundu au wa hudhurungi una berbere. Mchuzi wa manjano ni *alicha*: una manjano ile ya unga na tangawizi, hauna pilipili ya kuwasha. Mwenye vidonda vya tumbo, mtoto, au mzee aliyezoea chumvi tu kwenye chakula chake, mwagizie *alicha*. Kuna na *mitmita*, unga mwekundu unaowekwa pembeni kwenye kisahani. Huo unatokana na pilipili ndogo, zile kali. Gusa na ncha ya kidole kwanza.

*Tibs* ni jambo jepesi, sitakaa nalo. Ni nyama iliyokatwa vipande na kukaangwa na vitunguu, pilipili mbichi na aghalabu majani ya rozimeri, ikaletwa ikiwa kavu au na mchuzi kidogo, wakati mwingine juu ya jiko dogo la udongo lenye makaa. Mtu wa nyama choma atajisikia nyumbani, na kwa mgeni asiyetaka mambo mengi ndiyo mlango rahisi.

*Doro wot* ni habari nyingine. Huyu ni kuku wa sikukuu, wa Pasaka na Krismasi, anayepikwa kwa saa kadhaa kwenye mchuzi wa vitunguu na berbere, na mayai ya kuchemsha yakatumbukizwa humo. Desturi ni kumkata vipande 12. Waluhya, ambao kwao ingokho, yaani kuku, bila utaratibu wa nani anakula imondo, yaani firigisi, si ingokho, hawahitaji kuelezwa kwa nini idadi ya vipande ni jambo la kujali. Lakini nitasema ninachoamini: hotelini *doro wot* mara nyingi huvunja moyo. Kuku wa gredi hawezi kustahimili saa zile zote jikoni. Ama anatolewa mapema kabla mchuzi haujamwingia, ama anaachwa mpaka anasambaratika. Uliza kama kuku ni wa kienyeji. Mhudumu akijikunakuna kichwa, agiza kitu kingine.

Ukitaka kupima hoteli, ipime kwa *shiro*. Ni chakula cha kila siku, cha mwanafunzi na cha fundi, na hakina mahali pa kufichia uzembe. Ni unga wa dengu, pengine pamoja na maharagwe mapana, uliokaangwa na kusagwa na viungo, ukapikwa na vitunguu na mafuta. Aina iitwayo *tegabino* huletwa mezani ndani ya chungu kidogo cheusi ikiwa bado inachemka. Mapovu yanapasuka juu polepole, plap, plap, na mafuta mekundu yamejitenga ukingoni. Mhudumu anaimimina katikati ya sinia nayo inatulia palepale kwenye duara, haikimbii. Ikikimbia kama mchuzi wa maji, au ukihisi unga mbichi kwenye ulimi, sina matumaini makubwa na vilivyobaki kwenye menyu.

Sasa *injera*, ule mkate mpana wa kijivu, maana ndiyo inayogombanisha watu. Hutengenezwa kwa tefu, nafaka ya nyasi yenye punje ndogo ajabu: punje 150 hivi ndizo zinazolingana uzito na punje moja ya ngano. Ni ndugu wa mbali wa wimbi wetu, na wimbi lenyewe Waethiopia wanalo, wanaliita *dagussa*, na wako wanaolitumia kwa *injera* pia. Unga huchanganywa na maji pamoja na kimiminiko cha manjano kilichobakizwa kutoka mchanganyiko uliopita, kisha huachwa siku mbili au tatu uchachuke. Unamiminwa kwenye kikaango kipana cha bapa kuanzia ukingoni kuzunguka kuja katikati, unafunikwa, na haugeuzwi. Mvuke ukipanda unaacha vile vitobo juu, ambavyo wenyewe wanaviita macho. Macho mengi yaliyoenea sawasawa ni dalili ya mpishi mzuri na uchachu uliofika. *Injera* yenye mabaka yasiyo na macho haikuchachuka vya kutosha au kikaango hakikuwa na moto sawa.

Huku kwetu uchachu si mgeni. Tunakunywa uji wa mtama na wimbi uliochachushwa, jirani zetu Wakalenjin wana mursik, maziwa yaliyochachushwa, na pombe ya busaa sitaki kuianza. Kinachomshtua mlaji ni kwamba uchachu umehamia mahali alipotegemea ugali, yaani kitu kisicho na ladha cha kubebea mboga. *Injera* ina ladha yake na inashiriki. Ile chachu hukata mafuta ya samli na kupunguza makali ya pilipili, na ndiyo sababu *injera* iliyoliwa peke yake kwa kuonjwa haipendezi. Kipande cha kwanza kisiende mdomoni kikiwa kitupu. Tena, wengi hulalamika kwamba imeletwa ya baridi. Haikusahauliwa: *injera* hupikwa, ikapoa, ikapangwa, na huliwa hivyo. Moto uko kwenye mchuzi.

Watu hapa mjini pia huichanganya na anjera ya Kisomali, kwa kuwa wengi waliijua hiyo kwanza. Ya Kisomali ni ndogo, nyepesi, haichachi sana, mara nyingi ni ya ngano au mahindi au mtama, na huliwa asubuhi na chai, au na mafuta na sukari, au na mchuzi. Ya Kiethiopia ni pana, huweza kufika nusu mita na zaidi, na ni sahani, kijiko na chakula kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la afya hapa linalosemwa ovyo. Tefu haina gluteni, kwa hiyo wako wanaoamini kwamba mtu ambaye mwili wake haustahimili ngano yuko salama katika hoteli yoyote ya Kiethiopia. Nje ya Ethiopia mambo hayako hivyo. Tefu ni ghali. Serikali ya Ethiopia ilizuia kuuza nafaka hiyo nje mwaka 2006 ikiogopa bei kupanda kwa wananchi wake, na ikaanza kulegeza 2015. Wapishi walio ugenini wamezoea kuchanganya unga wa ngano, mchele au mtama. Mwenye tatizo hilo aulize jikoni wamechanganya nini, na asitosheke na jibu la "ni tefu" linalotolewa haraka.

Swali jingine ninaloulizwa ni la nyama mbichi. Ndiyo, ipo. *Kitfo* ni nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyokatwakatwa laini na kuchanganywa na samli ya viungo iliyopashwa moto na *mitmita*. Ni chakula cha watu wa Gurage, kusini-magharibi mwa Addis Ababa, na wao hukila pamoja na jibini laini jeupe liitwalo *ayib*, *gomen*, na *kocho*, mkate unaotokana na shina la mgomba usiozaa ndizi za kuliwa, lililochachushwa ardhini. *Tere siga* ni vipande vya nyama mbichi vinavyokatwa kwa kisu na kuchovya kwenye pilipili. Ni vyakula vya heshima na vya furaha, na sioni sababu ya kuvicheka.

Lakini tusidanganyane: nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kuwa na tegu, na Waethiopia wenyewe wanalijua hilo tangu zamani. Dawa yao ya asili ya tegu ilikuwa maua ya mti uitwao *kosso*, *Hagenia abyssinica*, mti unaoota pia kwetu katika misitu ya Mau na Mlima Elgon. Samli ya moto na pilipili haziui tegu. Ukiambiwa *kitfo* yako iwe *leb leb*, hiyo ni ya kupashwa kidogo tu, bado ni mbichi ndani. Ukitaka iliyoiva kabisa, sema hivyo waziwazi. Hakuna atakayekuona mshamba, na samli na *mitmita* bado zitafanya kazi yake. Mama mjamzito asikubali kushawishiwa.

Na samaki? Hapa Kisumu hilo lazima liulizwe. Samaki yupo kwenye vyakula vya Kiethiopia, anaitwa *asa*, ila si mhimili. Nchi haina bahari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, kwa hiyo samaki wao ni wa maziwa: ngege wako Ziwa Tana, na mbuta wako Ziwa Chamo kwa asili yao, wakati mbuta wa ziwa letu waliletwa na watu katika miaka ya 1950. Kama samaki anaruhusiwa wakati wa mfungo ni ubishi wa wenyewe. Wako wanaomla bila wasiwasi na wako wanaomkataa. Ukimkuta kwenye menyu, aghalabu atakuwa amekaangwa au amekatwa vipande kama *tibs*. Mimi simwagizi. Mtu anayekula ngege mzima wa kukaanga pale Dunga hana sababu ya kwenda kumtafuta mahali ambapo mpishi moyo wake uko kwenye kamande.

Chakula hiki kilifikaje kwetu? Nairobi ilikipata zaidi kupitia Waethiopia waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1974 yaliyomwondoa Haile Selassie, na wengine waliofuata. Lakini watu wengi wa Kitale, Bungoma na Eldoret walikutana na *injera* kwa njia tofauti kabisa: barabara ya Lodwar. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na Waethiopia waliofikia huko walifungua hoteli na maduka ya kahawa ambayo hadi leo yana jina. Madereva wa malori, wauguzi, walimu na wafanyakazi wa mashirika waliotumwa Turkana walirudi makwao wakiwa wameshazoea. Ukimwona mwalimu mstaafu wa Webuye anavunja *injera* kwa ustadi, muulize alifanya kazi wapi.

Mezani, mengi utayatambua. Maji ya kunawa huletwa, kwa birika na karai au kwenye sinki la pembeni. Mnakula kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja. Tofauti ziko kwenye vidole. Tonge la ugali tunalifinyanga kiganjani na kulibonyeza kidimbwi cha mboga, *injera* haifinyangwi. Chana kipande cha ukubwa wa nusu kiganja, kifunike juu ya mboga, kibane kwa vidole, kipeleke mdomoni. Vidole haviingii mdomoni wala havirambwi, hata mchuzi ukiwa mtamu namna gani, na hili kwa waliozoea omena linataka nidhamu. Kula upande wako wa sinia. Usivuke kwenda kuwinda nyama ya mwenzako. Ile *injera* ya chini, iliyolowa michuzi yote, ndiyo huliwa mwisho na ndiyo tamu kuliko zote, kwa hiyo usijaze tumbo na zile za kukunja zinazowekwa pembeni.

Halafu kuna *gursha*. Mwenyeji au rafiki anatengeneza tonge, kubwa tu, na kukulisha mdomoni kwa mkono wake. Ni heshima na upendo, na kukataa ni kumvunjia uso. Fungua mdomo, tafuna, kisha urudishe. Kati ya marafiki na wapenzi hakuna tatizo. Kwa shemeji, mcheke yaishe. Lakini kwa Wajaluo na Waluhya ambao bado wanashika miiko ya ukwe, mtu na mama mkwe wake hata sinia moja hawakaribii, sembuse kulishana. Kama mnampeleka mama mkwe, ombeni chakula kigawanywe kwenye sahani mbalimbali. Mhudumu mzuri hatauliza kwa nini.

Kuhusu kuagiza kwa kundi, kosa la kawaida ni kila mtu kuagiza chake kama tulivyozoea, mwishowe meza inafurika na bili inatisha. Tulikuwa watu sita wa chama hapa Kisumu, mmoja Msabato asiyekula nyama, mmoja na vidonda vya tumbo, wengine wakishangilia nyama tangu mlangoni. Tuliagiza masinia mawili ya mfungo, moja tukaomba liwe na *alicha* nyingi kuliko vyekundu, *shiro tegabino* moja, na *tibs* kavu sahani mbili ziletwe kando ili zisigusane na mboga za Msabato wetu. Kikabaki. Mwenye vidonda alikaa upande wa manjano, na hakuna aliyelazimika kueleza hali yake kwa meza nzima. Uliza tu kabla kama *injera* ya nyongeza inalipiwa. Mahali pengine iko ndani ya bei, pengine kila moja inahesabiwa, na hapo ndipo malalamiko ya bili huanzia.

Kinywaji kinachofuata ni kahawa, na usiiagize kama una mkutano baada ya nusu saa. Sherehe ya kahawa ikifanywa kikamilifu hula saa nzima au zaidi. Buni mbichi huoshwa na kukaangwa mbele yenu, kikaango kikapitishwa ili kila mtu avute moshi wake, kisha hutwangwa na kuchemshwa kwenye *jebena*, mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba. Ubani unafuka pembeni, na bisi huletwa kwenye bakuli. Humiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono, na kuna duru tatu: *abol*, *tona* na *baraka*, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia, kwa kuwa ni buni zile zile zinazoongezewa maji. Kuondoka baada ya duru ya kwanza hakupendezi. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia; kwetu Kenya ililetwa na wamisionari Wafaransa mwaka 1893. Bungoma, Kisii na Nandi wanaipanda, na bado mkulima wake hunywa chai. Mwambie mhudumu mapema, chakula kikiwa ndiyo kwanza kinaletwa, kwamba mtataka kahawa, naye ataanza kukaanga wakati nyinyi bado mnatafuna.

Mkibakiza *injera*, ifungiwe. Mezani nyumbani hukaa siku mbili tatu bila kuharibika kama imefunikwa isikauke, na Ethiopia haitupwi: asubuhi huchanwa vipande na kuwa *firfir*. Kaanga kitunguu, tia berbere au pilipili uliyonayo na nyanya moja ukipenda, ongeza maji kikombe, mchuzi ukichemka tumbukiza vipande na ugeuze mara mbili tatu kabla havijalainika kupita kiasi. Inaliwa na chai bila shida yoyote.